Kazi Iliyohamia Sebuleni

Wako wanaodhani kwamba kufanya kazi nyumbani ni bidaa iliyoletwa na korona mwaka 2020, shule zilipofungwa na baadhi ya ofisi zikawaagiza watumishi wabebe kompyuta waende nazo majumbani. Lakini aliyelelewa mwambao, akawaona akina mama wa Unguja na Pemba wakisuka ukili uani au wakidarizi kofia za viua, ambazo moja huweza kula wiki nyingi za subira, hawezi kuisikia dhana hiyo bila kutabasamu.

Lililobadilika ni tabia ya kazi yenyewe. Vidole vya msusi vilikuwa vimekwisha kuijua njia yake, na kwa hiyo macho na masikio yake yalikuwa huru kumkanya mtoto aliyelisogelea jiko, au kuyajibu maswali yake yasiyo na mwisho, wala asiharibu hata mwaa mmoja; tena aghalabu alikuwa na bibi, wifi au jirani wa kumpokea mtoto alipolia. Mhasibu wa leo, katika vyumba viwili vya kupanga huko Sinza, Dar es Salaam, kazi yake humtwaa akili yote, naye hana wifi karibu. Kila mzazi wa namna hii anaijua sauti ya “Mama, nimemaliza!” itokayo chooni, ambayo kwa sababu nisizozifahamu haitoki ila pale mkuu wa idara anapouliza swali mkutanoni.

Hata hivyo neema za kufanyia kazi nyumbani si haba. Mfanyakazi atokaye Mbagala au Gongo la Mboto kwenda Posta, katikati ya jiji, huondoka alfajiri mtoto hajaamka, na foleni ikamrudisha mtoto akiwa amekwisha kulala, hata wawili hao huonana kwa utulivu siku ya Jumapili tu. Ilhali aliyebaki nyumbani hula naye chakula cha mchana na kuzisikia habari za shule zingali moto. Binafsi siijui posho inayolingana na hiyo.

Ninalolilalamikia ni kwamba neema hiyo imefanywa hisani ya mwajiri, na kwa hisani hiyo haki zikasahauliwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, itumikayo Tanzania Bara, imeweka kikomo cha saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki, na ikampa mama anyonyeshaye hadi saa 2 katika muda wa kazi ili amnyonyeshe mwanawe, lakini akiwa nyumbani huambiwa, “Si uko naye hapo hapo?” kisha akatumiwa ujumbe wa kazi saa nne usiku, kwa bando alilonunua mwenyewe na umeme wa mita yake ya LUKU. Insafu inataka saa za kazi, za kunyonyesha na za kutopigiwa simu ziandikwe katika mkataba, na gharama hizo zirejeshwe.

Na akina baba, ambao sheria hiyo huwapa siku 3 tu za likizo mtoto anapozaliwa, wana hesabu yao pia. Baba akifanyia kazi nyumbani hufunga mlango wa chumbani, na watoto huonywa wasipige kelele. Mama, mwenye ajira kama yake, huiweka kompyuta juu ya meza ya chakula, kati ya sufuria na madaftari. Chumba hicho chenye mlango kigawanywe kwa zamu, na zamu ya kwanza apewe mama.