Majibu ya Wananchi Yasifungiwe Kabatini

Aghalabu utafiti unaohusu watumiaji wa kitu, kiwe pampu ya maji, jiko la mkaa au mbegu mpya ya mahindi, huishia katika ripoti. Ripoti hupigwa chapa, hukabidhiwa mkubwa aliyeiagiza, husomwa sura yake ya mapendekezo, kisha huwekwa kabatini. Baada ya miaka michache mtafiti mwingine hufika katika kijiji kile kile na kuwauliza akina mama maswali yale yale: maji huyateka wapi, mara ngapi kwa siku, kwa chombo gani. Akina mama wana adabu, nao hujibu. Lakini si haki kumwuliza mtu mara tatu jambo alilolieleza vizuri mara ya kwanza, na fedha za kumwuliza upya zingefaa zaidi kununua vipuri vya pampu hiyo hiyo.

Uko mfano wa Afrika Mashariki uonyeshao kwamba mambo yaweza kwenda vingine. Katika miaka ya 1960 Gilbert White, mwanajiografia wa Marekani, pamoja na Anne White na daktari Mwingereza David Bradley, waliongoza uchunguzi wa matumizi ya maji ya nyumbani katika sehemu 34 za Kenya, Uganda na Tanzania. Kitabu chao, Drawers of Water, yaani Wateka Maji, kilitoka mwaka 1972. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wengine walirudi katika sehemu hizo wakiwa na maswali na vipimo vilivyolingana na vile vya kwanza. Ndipo ikaonekana kwamba katika nyumba zenye bomba matumizi ya mtu mmoja kwa siku yalikuwa yameshuka kutoka lita 128 hivi hadi 66, ilhali katika nyumba zisizo na bomba yalikuwa yamepanda kutoka lita 11 hivi hadi 20. Mijini, watu wasio na bomba waliokuwa wakitumia dakika 28 hivi kwa siku kutafuta maji, sasa walitumia 92. Hakuna ambaye angalijua mambo haya kwa kutazama mwaka mmoja peke yake. Yalijulikana kwa sababu mahali, tarehe na namna ya kupima vilikuwa vimehifadhiwa.

Kazi ile ilikuwa na faida nyingine, nayo ni mpangilio. Badala ya kuyaacha magonjwa katika orodha ndefu ya majina, Bradley aliyagawa kwa kufuata namna maji yanavyohusika: yale yanywewayo pamoja na maji machafu, kama kipindupindu, yale yaletwayo na uhaba wa maji ya kunawa, kama trakoma, yale yapitayo kwa viumbe waishio majini, kama kichocho, na yale ya wadudu wazaliwao majini au waumao karibu na maji, kama malaria. Kwa mgawanyo huo mhandisi aliweza kuona kwamba wingi wa maji nao hulinda afya, si usafi wake tu. Kupanga vizuri, kumbe, ni sehemu ya sayansi yenyewe.

Ni nini basi kiyafanyacho majibu ya leo yafae kesho? Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiandika katika daftari lake kwamba "mama huteka madebe manne, huanza saa 2", ameandika kitu ambacho mwenziwe wa mwaka ujao hawezi kukitumia. Debe la zamani la mafuta ya taa lilichukua galoni nne, yaani lita 18 hivi. Madumu mengi ya plastiki huchukua lita 20. Saa 2 ni asubuhi kwa ahesabuye Kiswahili, bali kwa afisa azoeaye saa za Kizungu huwa ni saa nane. Na mama huyo huwatekea watu wangapi? Neno kaya pekee limewasumbua watafiti wengi: wake wawili wenye meko mawili katika boma moja, je, ni kaya moja au mbili? Jibu lolote laweza kufaa, ili mradi liandikwe.

Hapana budi pia kutenga lililoonekana na lililodhaniwa. "Wanawake watano kati ya wanane waliipita pampu wakaenda mtoni" ni jambo lililoonekana. "Wanawake hawaipendi pampu" ni dhana tu. Huenda mpini ni mzito, huenda maji yana chumvi, huenda pampu hufungwa kwa kufuli mchana. Dhana ikishakanushwa, lililoonekana hubaki na thamani yake, lakini kwa mtu aliyeyaandika yote mawili katika sentensi moja yote mawili hupotea. Kwa hiyo kadi moja ibebe jambo moja, pamoja na mahali, tarehe, idadi ya watu walioulizwa na swali lenyewe kama lilivyoulizwa.

Kadi hizo zahitaji vichwa vya mada vinavyokubaliwa na wote. Mmoja akiweka habari chini ya "kisima", mwingine chini ya "pampu", wa tatu chini ya "maji", hakuna atakayeipata ya mwenzake. Katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, taasisi iliyoundwa mwaka 1949 iitwayo Human Relations Area Files ilizipa kurasa za vitabu kuhusu mila za mataifa namba za mada, na nakala ya ukurasa wenye mada tatu ikawekwa mahali patatu. Kompyuta hurahisisha kazi hiyo, lakini haiwezi kuchagua maneno badala ya watu wasioelewana.

Wako wasemao kwamba matokeo ya zamani yamechakaa. Yale ya miaka ya 1960 yalikuwa na umri wa miaka 30 yalipoleta faida kubwa kuliko siku yalipochapwa.

Shule za sekondari zaweza kuanza bila fedha nyingi. Kazi za uchunguzi wa jiografia na sayansi, ambazo aghalabu huchomwa moto zikishapewa alama, zaweza kutoa kadi kumi kumi kwa kila kidato, zikatunzwa na mwalimu mmoja na wanafunzi wawili watakaowarithisha wengine kabla ya kumaliza. Majina ya walioulizwa yasiandikwe katika kadi. Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022 zina sheria za kulinda habari za watu binafsi, na mama aliyeeleza ya nyumbani kwake hakukubali kutangazwa. Namba ya kaya yatosha, na orodha ya kuiunganisha na jina ikae mbali na sanduku la kadi.