Busu la Rubiales na kimya chetu

Vijana wa Majengo, tuseme wazi. Mkubwa wa mpira akishitakiwa na mwanamke, tunasikia neno lile lile: "Ile ni maisha yake ya pekee, mumuache."

Tarehe 20/8/2023 ku Sydney, prezida wa mpira wa Hispania, Luis Rubiales, alimbusu mchezaji Jenni Hermoso mdomoni wakati wa kutoa medali. Yeye akasema walikubaliana. Hermoso akakataa. Wachezaji 81, mabingwa wa dunia wote 23 wakiwemo, wakasema hawavai tena jezi ya taifa akiwa bado kwenye kiti. FIFA ikamsimamisha, tarehe 10/9 akajiuzulu, halafu akafungiwa miaka 3. Februari 2025 tribinali ikamhukumu faini ya euro 10,800. (Kidogo sana, kwa maoni yetu.)

Kilichomtoa si aibu. Ni wachezaji waliokataa pamoja.

Huku kwetu? Dada anayecheza ekipe ya mtaa, koochi akimwambia "kuya kwangu magaribi tuongee juu ya nafasi yako", atamshitaki kwa nani? Anayepokea malalamiko ndiye anapanga listi. Akisema, anabaki nyumbani, koochi anaendelea. Hiyo si maisha ya pekee. Ni kazi yake anaitumia vibaya.

Tunaomba kila ekipe ya hapa iweke mama mmoja wa kupokea malalamiko, asiye wa komite, asiye ndugu ya prezida. Na ninyi wavulana mnaocheza nao: dada akitolewa kwa listi juu alisema "hapana", musiingie uwanjani.