Teja si jina la mtu

Baada ya sala ya alasiri, wazee wetu wa Kibokoni huketi barazani, wakapitishiwa vikombe vya kahawa chungu na kuzungumza ya dunia. Apitapo kijana aliyekonda, kichwa kakiinamisha, mazungumzo hukatika. Mmoja huvuta viatu vyake karibu, mwingine hunong'ona, "Teja huyo." Neno hilo hutosha. Hapana aulizaye ni mtoto wa nani, ijapokuwa wote wanamjua, na pilau ya arusi ya babake waliila.

Nataka tulizungumze neno hilo, ndugu msomaji, kwa sababu nami nimelitumia, tena juu ya damu yangu mwenyewe. Mpwa wangu alipoanza kuvuta unga nilisema, "Ni ujana tu, utapita." Alipouza redio ya mamake nilisema, "Marafiki ndio waliomharibu." Alipoacha miezi minne kisha akarudia, nikasema, "Huyu ni teja, hafai tena." Maneno matatu, na yote matatu yalikuwa ya uwongo. Mwenye kuvuta unga ni yeye, lakini mwenye kujidanganya nilikuwa mimi.

Katika miaka ya 1960, daktari mmoja wa Marekani, Aaron Beck wa Philadelphia, aliona kwamba wagonjwa wake wenye huzuni nyingi hujiwa na fikira bila ya kuziita, fikira zilizopinda, nao huziamini kama mtu aaminivyo macho yake. Baadaye maarifa hayo yakatumiwa pia kwa watu walionaswa na ulevi. Fikira hizo kila mtu wa Mombasa amezisikia. "Leo tu, kesho naacha." "Naweza kuacha wakati wowote nikitaka." "Sitapata usingizi bila ya kete moja." Na iliyo mbaya kuliko zote: "Nimeteleza mara moja, basi kumekwisha, bora nizame." Mwenye kuteleza ngazini hajitupi mpaka chini kwa kuwa amekosa kidato kimoja, lakini nafsi iliyonaswa ndivyo inavyomshauri mwenyewe.

Je, ni ukaidi tu? Wengi wetu twadhani hivyo. Natukumbuke yaliyotokea hapa pwani. Unga wa rangi ya hudhurungi uliingia katika miaka ya 1980. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaja mweupe, na sindano zikaenea. Kisha, Disemba 2010, unga uliadimika ghafula, na uhaba huo ukaendelea miezi kadhaa ya mwaka 2011. Lau kama jambo hili ni la kukosa kiasi tu, basi miezi ile ingewatoa vijana wote shimoni. La hasha! Arosto iliwaangusha: jasho, kutapika, kuhara, mifupa kuuma kama inayovunjwa. Wako waliokwenda kutafuta matibabu, na wako waliokimbilia vidonge na pombe. Unga uliporejea, wengi waliurudia. Na hapo pana hatari ambayo kila mzazi apaswa kuijua: mwili uliokaa bila ya unga hupoteza uzoefu wake, na kipimo kile kile cha zamani, kilichokuwa kikimtuliza, sasa chaweza kumkata pumzi akafa.

Maana yake ni kwamba unga huubadilisha ubongo na mwili hata ukawa hauendi sawa bila yake. Arosto yenyewe hupungua baada ya wiki moja au zaidi kidogo, lakini ile hamu hukaa ikivizia miezi na miaka. Kumfungia kijana chumbani siku saba, kisha kumwambia "umepona," ni kumtibu moshi ukauacha moto.

Sasa na tujitazame sisi wa barazani. Yeye asema, "Nimeteleza, basi kumekwisha", nasi twasema, "Karudia, basi si mtu." Yeye asema, "Sitaweza", nasi twasema, "Hataweza." Yeye huwalaumu walimwengu, nasi huwalaumu marafiki, hasadi, na mamake aliyemdekeza. Fikira ni zile zile, zimevaa kanzu safi tu. Na mama hujifungia ndani na aibu yake, akisahau kwamba mficha maradhi kilio humuumbua.

Tiba ipo. Methadoni ilianza kutolewa nchini Kenya katika hospitali ya Mathari, Nairobi, Disemba 2014, ikafuatia Malindi mwaka 2015, na baadaye Kisauni. Ni dawa ya kunywa kila siku mbele ya mhudumu. Huizuia arosto bila ya kumlewesha aliyepimiwa vyema, akapata kwenda kazini na kulala kwake. Wako wasemao, "Huko ni kuhamisha ulevi tu." Ndugu yangu, mwenye kisukari anywaye dawa kila asubuhi twamwita mlevi wa vidonge? Na dawa peke yake haitoshi. Yahitaji mtu wa kuzungumza naye, kazi ya kufanya, na nyumba itakayomfungulia mlango.

Sisi Waislamu hatupaswi kushangazwa na jambo la hatua kwa hatua. Twafundishwa madrasani kwamba ulevi haukuharamishwa siku moja: kwanza ilitajwa madhara yake katika Sura ya Baqara, kisha wakakatazwa watu kuikaribia sala hali wamelewa katika Sura ya Nisaa, ndipo likaja katazo kamili katika Sura ya Maida. Haramu ni haramu, wala sisemi vingine. Lakini Mola aliyeziumba nafsi alijua uzito wa kuacha, akawachukua waja wake kwa daraja. Sisi ni nani hata tumtake mtoto wetu aruke ngazi nzima kwa usiku mmoja?

Mpwa wangu yu hai, alhamdulillahi. Hajamaliza safari, na mwaka jana aliteleza tena. Safari hii sikumwita lile neno. Nilimwita kwa jina alilopewa na babake, nikamwuliza, "Umekula?" Akaketi, akalia, na asubuhi yake tukaenda kliniki pamoja.

Kesho apitapo kijana mbele ya baraza, viache viatu vyako pale pale. Mwitikie salamu yake, na umwite kwa jina lake.