Ndoo ya Taka Iliyo Chini ya Sinki



Ukitaka kuijua nyumba, usikae sebuleni ambako viti vimefunikwa vitambaa vya kufuma. Ingia jikoni, uiname, utazame chini ya sinki. Huko ndiko tunakoficha vile tusivyopenda mgeni avione: ndoo ya taka, tambara la kudekia, chupa ya mafuta ya taa, sabuni ya unga na, katika nyumba nyingi, sumu ya panya. Vyote hivyo hukaa pamoja nyuma ya pazia dogo, mahali anapofika mtoto anayetambaa pasipo kunyanyua hata mkono.

Jumapili ya leo napenda tuzungumze juu ya mahali hapo. Na kwa kuwa si haki kumhubiria mwenzako kabla hujajisema mwenyewe, yanipasa nianze kwa kukiri kosa langu.

Masika ya mwaka juzi nilikwenda Kilosa kumjulia hali kaka yangu. Kabla ya safari wifi yangu alikuwa amenipigia simu akilalamika kuwa panya wamemshinda: wanatafuna sabuni, wanatoboa magunia, usiku wanacheza ngoma jikoni. Nikaona nimpelekee zawadi ya maana. Nilinunua kwa mchuuzi mmoja wa mitaani Dar es Salaam vifuko viwili vya sumu, vya karatasi tupu, visivyo na jina wala maandishi. Tulipofika jioni tukaichanganya na unga na dagaa waliosagwa, tukaiweka katika kisahani nyuma ya ndoo ya taka, chini ya sinki. Tulikuwa watu wazima wanne katika nyumba ile, na hapana hata mmoja wetu aliyekumbuka kuwa mwenyeji hasa wa sakafu ya jikoni hakuwa panya.

Asubuhi yake mtoto wa kaka yangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametimiza mwaka na miezi mitatu, alikutwa ameketi mbele ya pazia, viganja na midomo vimejaa unga. Tulikimbia naye hospitali. Mganga aliyempokea alituuliza swali moja: “Ni sumu gani?” Tukatazamana. Mimi niliyeinunua sikuwa na jibu, kwa maana kifuko hakikuwa na jibu. Mtoto alilazwa siku kadhaa akiangaliwa, na Mungu ashukuriwe, akapona. Lakini swali lile bado hunirudia kila ninaposikia mchuuzi akipita na kipaza sauti chake.

Baadaye nilielewa kwa nini mganga aliuliza. Sumu za panya si za namna moja. Iko inayoitwa zinki fosfidi, ambayo ikikutana na asidi ya tumboni hutoa gesi kali, na mtu huweza kuzidiwa katika muda wa saa chache. Ziko nyingine, kama bromadiolone, ambazo huizuia damu isigande. Aliyekula hizo huweza kucheza na kula siku mbili tatu kama mzima, kisha ndipo damu inapoanza kumtoka. Tiba ya hii siyo tiba ya ile. Kwa hiyo, msomaji, likikufika jambo kama hilo, usimtapishe mtoto, wala usimnyweshe maziwa au mafuta kwa kudhani unaizimua sumu. Chukua kifuko au mabaki ya sumu yenyewe, mchukue mtoto, uende hospitali mara moja, hata kama anacheka.

Tuliporudi nyumbani, Mama, ambaye alikuwa akikaa kwa kaka wakati ule, alisema maneno machache tu. “Wanangu, panya hakuja humu kwa kuwachukia. Alikuja kula. Mmempikia kila usiku, sasa mnashangaa nini akirudi?”

Ndipo tulipoinama sote kuitazama ndoo ile kwa mara ya kwanza. Haikuwa na kifuniko. Ilisukumwa mbali kabisa, nyuma ya bomba, hata ili kuitoa ilimlazimu mtu apige magoti, apitishe mkono pembeni ya bomba, aivute huku imeinama na majimaji yakimwagika. Nani angeifanya kazi hiyo kila jioni baada ya siku nzima ya kazi? Ndoo ilimwagwa kila baada ya siku tatu, wakati mwingine nne. Wifi yangu si mvivu. Ni mahali pa ndoo palipokuwa pabaya. Na hilo ndilo ninalotaka ulichukue katika makala haya: ndoo inayosumbua kutoka huahirishwa, bali ndoo inayotoka kwa mkono mmoja humwagwa. Panya, nzi na mende huishi katika siku zile za kuahirisha. Katika joto kama letu yai la nzi huanguliwa katika muda wa siku moja, na funza wake huwa nzi kamili katika juma moja hadi siku kumi. Anayemwaga taka kila jioni hukata mnyororo huo kabla haujaanza.

Dawa yake ni kuiweka ndoo juu ya reli, ili ivutwe kama droo ya kabati. Wala usidhani kuwa hayo ni mambo ya majumba ya kifahari. Mwaka 1926 mwanamke mmoja mchoraji wa majengo kutoka Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt, Ujerumani. Lilikuwa jiko dogo, upana haukufika mita 2 na urefu ni kiasi cha mita 3 na nusu, na yalijengwa yapatayo 10,000. Katika meza ya kukatia mboga aliweka droo ya taka: maganda husukumwa yakaangukia humo, na droo huchomolewa ikaenda kumwagwa. Ernst May, aliyeongoza ujenzi wa nyumba hizo, alihamia Tanganyika mwaka 1934 akawa mkulima, kisha akafanya kazi ya uchoraji wa majengo katika Afrika Mashariki. Hivyo fikra hiyo ilizaliwa kwa ajili ya mama wa mfanyakazi, aliyechoka kama wewe.

Sasa nikueleze tulivyofanya Kilosa. Sinki la kaka yangu limekaa juu ya bamba la zege linaloshikwa na kuta mbili fupi za matofali. Tulimwita mzee mmoja jirani, mstaafu wa reli ambaye siku hizi ni seremala. Baada ya shikamoo na chai alipiga magoti akapima mambo matatu: upana wa nafasi kati ya kuta, kina chake kutoka mbele hadi nyuma, na kimo kutoka sakafuni hadi pale bomba lilipopinda. Mpindo huo usiuondoe wala usiusogeze ili kupata nafasi, kwa sababu maji yanayobaki ndani yake ndiyo yanayozuia harufu ya shimo isipande jikoni.

Upana ulikuwa sentimita 70. Mzee alifunga kila upande ubao wa unene wa sentimita 5 ukutani, maana reli haishiki vizuri kwenye matofali. Zikabaki sentimita 60. Reli za droo alizonunua dukani, za urefu wa inchi 18, hula karibu nusu inchi kila upande. Kwa hiyo trei ya mbao ilitengenezwa kwa upana wa sentimita 57 na nusu. Hapo ndipo mafundi wengi hukosea: hupima nafasi, wakatengeneza trei, wakasahau unene wa reli. Trei ililazwa juu kidogo ya sakafu, kiasi cha sentimita 5, ili tambara lipite chini yake wakati wa kudeki. Aliikataa mbao ya unga wa mti uliogandamizwa, akisema kuwa ikinywa maji huumuka kama andazi. Alitumia paini akaipaka rangi ya mafuta pande zote, hata zile zisizoonekana.

Kazi iliyomchukua muda mrefu ni kulinganisha reli kwa pima maji. Kaka yangu alipomhimiza, mzee alimjibu bila kugeuka: “Mwanangu, reli mbili zikipishana kimo hata kwa unene wa njiti ya kiberiti, gari halifiki stesheni.” Ni jibu linalostahili mji wa Kilosa, ambako njia ya kwenda Mikumi na Kidatu inachepuka kutoka reli ya kati.

Je, na asiye na uwezo wa kununua reli? Atumie njia ya zamani ya maseremala. Apigilie vipande viwili vya mbao ngumu vilivyonyooka, trei ikae juu yake, na sehemu zinazosuguana azipake nta ya mshumaa au sabuni ya mche. Haitateleza kama reli ya chuma, lakini itatoka. Na mwenye jiko la uani lisilo na sinki, kwake yatosha ndoo yenye kifuniko juu ya kiti kifupi karibu na mlango, mahali inapoonekana na kufikika.

Juu ya trei tuliweka ndoo mbili zenye vifuniko, moja ya lita 5 na nyingine ya lita 10. Ile ndogo ni ya taka mbichi: maganda, mabaki ya ugali, majani ya chai. Kusudi letu kuichagua ndogo ni kwamba hujaa kwa siku moja, ikamlazimisha mtu kuimwaga. Maganda na majani huenda katika shimo la mboji nyuma ya nyumba, na yakishaoza huwa chakula cha mchicha na migomba. Mifupa, mabaki ya samaki na ya vyakula vilivyopikwa usiyatupe wazi shimoni, maana utawaalika mbwa na panya wale wale. Yafukie chini kabisa. Ndoo kubwa ni ya taka kavu: makopo, chupa, vifungashio. Jivu la mkaa lililopoa ni rafiki mwema, ukilinyunyiza juu ya taka mbichi hupunguza harufu na nzi. Bali jivu lenye moto usilitie katika ndoo ya plastiki kamwe.

Zamani tulitandika ndoo zetu kwa mifuko ya plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Tandika karatasi. Hata gazeti hili, baada ya kusomwa na wote nyumbani, halitaona haya kuifanya kazi hiyo.

Wenzetu wa Mikumi wana sababu ya ziada ya kulizingatia jambo hili. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, inakatizwa na barabara kuu kwa umbali wa kilometa zipatazo 50, na abiria wanaotupa maganda na mikate dirishani wamewafundisha nyani kungoja kando ya lami. Nyani aliyezoea chakula cha binadamu huona jiko lako kuwa dirisha jingine la basi. Na wa Kilosa mjini hawahitaji kufundishwa nguvu ya maji. Wanakumbuka jinsi Mto Mkondoa ulivyovunja kingo zake mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, maelfu ya watu wakakosa makazi. Sisemi kuwa maganda ya viazi ndiyo yaliyoleta mafuriko yale. Nasema tu kwamba mfereji wa mtaa uliozibwa na taka za jikoni hauna msaada kwa mtu siku mvua ikinyesha.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, walipokusanyika kwa vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Funzo la siku zile lingali lina nguvu: afya huanzia katika kazi ndogo inayofanywa kila siku, siyo katika dawa inayonunuliwa baada ya kuchelewa.

Jambo la mwisho tulilolifanya Kilosa halikuhitaji fundi. Tuliondoa chini ya sinki kila kinachodhuru. Mafuta ya taa na dawa za kusafishia zikapanda kwenye rafu ya juu yenye kufuli. Sumu haikurudi tena nyumbani, badala yake tukanunua mitego miwili na kuziba kwa saruji tundu linalopitisha bomba ukutani. Mzee akafunga komeo gumu kwenye trei. Nalo zamu ya kumwaga ndoo akaichukua kaka yangu mwenyewe, kila jioni baada ya vyombo kuoshwa. Mwanzoni majirani walimcheka. Siku hizi wawili kati yao wamemwita yule mzee awapimie.

Sitakudanganya kuwa panya wote wamehama Kilosa. Wapo darini, wapo kwa jirani. Lakini nilipokwenda tena mwaka jana nililala usiku kucha bila kusikia ngoma jikoni, na asubuhi nikamkuta mpwa wangu yule yule, sasa anatembea na kusema, akiwa amelishika komeo kwa mikono miwili akijaribu kulifungua. Hakuweza. Alinigeukia akasema kwa hasira, “Shangazi, fungua!”

Nilimbeba, nikamtoa nje.

Jioni ya leo, msomaji, kabla hujazima taa, inama utazame chini ya sinki lako.