Rangi haisimamishi gari

Ukifuata njia ya kale ya Buta kutoka Kisangani, kilometa kama 15 hivi, unafika Masako. Magari ya njia ile yanaleta mjini makala, mihogo na ndizi, na juu ya mizigo wanakaa mama na watoto. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu unaingia kila pahali, mpaka ndani ya fren.

Kijana mmoja wa njia ile alinunua etriye mbili za okazyo, zile kubwa za pistoni nne. (Etriye ni kile chuma kinachobana diski ukikanyaga fren.) Akazipaka rangi nyekundu, zikang'aa sana. Tukamwambia: «Sukuma pistoni.» Moja haikutikisika hata kidogo, kutu iliishika. Gari yenye etriye namna hiyo inafunga upande mmoja, na inavuta usukani kando ya njia. Basi, wewe kijana unayependa ufundi, fuata utaratibu huu.

1. Mbele ya kununua, jaribu kama etriye inaenea ndani ya chuma cha gurudumu na juu ya diski yako. Etriye kubwa inaomba mafuta mengi zaidi. Kama pompi ya fren ni ndogo, pedali itashuka chini sana.

2. Vumbi la plaketi za zamani linaweza kuwa na amianti, sumu ya mapafu. Usilipulize kwa mdomo. Lowesha kwanza, kisha futa.

3. Toa pistoni pole pole kwa upepo wa kompresa, na kipande cha mbao mbele yake. Vidole viwe mbali! Pistoni yenye mashimo ya kutu usiirudishe: mafuta yatavuja.

4. Safisha nje kwa brosi ya waya, maji na sabuni. Ndani tumia alkoli au mafuta mapya ya fren. Esansi na mazutu hapana: vinavimbisha mipira na kuiharibu.

5. Sasa ziba matundu yote, paka rangi inayovumilia moto, uache ikauke vizuri. Usipake pistoni, wala pahali plaketi zinapoteleza.

6. Tia mipira mipya, iliyoloweshwa mafuta ya fren ya chupa ambayo haijafunguliwa. Chupa iliyokaa wazi imekwisha kunywa maji ya hewa. Fren ikipata moto, maji yanachemka na pedali inalegea. Angalia pia: mafuta hayo yanakula rangi. Yakimwagika, osha mara moja.

7. Ukifunga etriye, skrubu ya kutoa hewa iwe juu. Ikiwa chini, umebadilisha ya kuume na ya kushoto, na hewa haitatoka kamwe.

8. Toa hewa yote. Injini ikiwaka, kanyaga pedali kwa nguvu dakika moja. Ikishuka, kuna pahali panapovuja. Ikisimama, jaribu pole pole kwenye uwanja, bila mtu mwingine ndani.

Pesa ikiwa kidogo, nunua mipira kwanza, rangi ingoje mwezi ujao. Mama anayekaa juu ya makala haoni rangi ya etriye yako. Yeye anajua tu kama gari imesimama.