Madaraka ya Kuazima: Raia na Askari katika Battlestar Galactica

Kuna sifa moja ambayo mfululizo wa televisheni wa Battlestar Galactica umevikwa kwa muda mrefu bila kuhojiwa ipasavyo. Inadaiwa kuwa kazi hii ya Kimarekani, iliyobuniwa upya na Ronald D. Moore mwaka wa 2003 na kufikia tamati mwaka wa 2009, ni utetezi wa mamlaka ya kiraia mbele ya mtutu wa bunduki. Dai hili lina wafuasi wengi, na halikosi ushahidi wa juujuu. Makala hii inalipinga. Tunashikilia kwamba mamlaka ya kiraia katika Galactica ni madaraka ya kuazima: raia huyapokea kutoka kwa kamanda, huyatumia kwa ridhaa yake, na huyapoteza siku ridhaa hiyo inapokoma. Mhakiki anayeliita jambo hili utawala wa kiraia amehadaiwa na upole wa mwazimaji.

Msingi wa mgogoro unafahamika. Cylon, mitambo iliyoundwa na binadamu na kisha ikawaasi, inaangamiza makoloni kumi na mawili. Wanaonusurika ni watu wapatao 50,000, walio katika msafara wa vyombo vya angani unaolindwa na manowari moja. Laura Roslin, waziri wa elimu aliyekuwa wa 43 katika orodha ya urithi wa urais, anaapishwa kuwa rais. Mkuu wa manowari ni William Adama. Wawili hawa wanaafikiana: serikali ni ya Roslin, vita ni vya Adama. Tuzingatie kwamba makubaliano haya yanafanyika faraghani baina ya watu wawili, mmoja akiwa na silaha zote na mwingine akiwa na kiapo tu.

Wanaoutetea mfululizo huu hupenda kuulinganisha na ule wa kwanza wa Glen A. Larson, uliotolewa mwaka wa 1978. Humo raia walisawiriwa kama wajinga wa amani: mjumbe Uri anapendekeza silaha ziharibiwe ili adui asadiki nia njema ya binadamu, na ni busara ya kamanda peke yake inayowaokoa. Ni kweli kwamba Moore ameacha dharau hiyo. Roslin ni mhusika mwenye akili, ukakamavu na hata ukatili. Hata hivyo, kumjenga raia kuwa mhusika bora si sawa na kuipa ofisi yake nguvu. Usawiri wa mtu umebadilika. Mpangilio wa madaraka umebaki ulivyokuwa.

Hebu tuyachunguze mapinduzi yanayofunga msimu wa kwanza. Roslin anamshawishi rubani Starbuck arudi Caprica kutafuta mshale anaoamini utawaonyesha njia ya kufika Dunia. Adama anamtaka rais ajiuzulu, rais anakataa, Adama anatuma askari wamkamate. Mwanawe, Lee, anamwelekezea Kanali Tigh bastola katika jaribio la kumtetea rais, naye anatiwa mbaroni. Baada ya Adama kupigwa risasi, Tigh anatangaza sheria ya kijeshi, na askari wanawaua raia katika chombo cha Gideon. Msafara unagawanyika. Mwishowe Adama anapona, anaguswa moyo, anamfuata Roslin Kobol, wanapatana, na rais anarudi kitini.

Hapa ndipo wahakiki wengi hupiga makofi. Sisi tunauliza: nani amemrudisha? Si mahakama. Si Baraza la wajumbe kumi na wawili. Si kura ya wananchi. Amerudishwa na mtu yule yule aliyemwondoa, kwa sababu mtu huyo amebadili nia. Adama hashtakiwi kwa kumpindua rais halali, na hatuonyeshwi kesi yoyote ya waliouawa Gideon. Kilichorejeshwa ni urafiki, na urafiki si katiba. Wahenga walisema kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako, na Roslin anatoka Kobol akiwa amevaa nguo hiyo.

Tutaambiwa kwamba mfululizo wenyewe unaijua hatari hii, na ushahidi ni Admirali Cain. Cain aliviteka vyombo vya raia, akachukua vipuri na watu aliowahitaji, akawaacha wengine wafe, na familia zilizokaidi zikapigwa risasi. Ni picha ya kutisha, nasi hatuidharau. Lakini kazi yake katika msuko ni ipi? Cain anawekwa kando ya Adama ili tumshukuru Adama. Wote wawili wana mamlaka yasiyo na mpaka. Kinachowatofautisha ni tabia. Mtazamaji anafundishwa kumwomba Mungu ampe askari mwema, wala hafundishwi kudai sheria itakayomzuia askari mwovu. Isitoshe, rais mwenyewe anapokabiliwa na Cain hana chombo chochote cha kumwondoa isipokuwa kumshauri Adama amuue.

Uchaguzi wa urais hautoi picha tofauti. Wafuasi wa Roslin wanajaribu kuiba kura ili Gaius Baltar asishinde. Luteni Gaeta, afisa wa manowari, ndiye anayeugundua udanganyifu huo. Adama ndiye anayemkabili Roslin hadi akubali kushindwa. Kura ya raia inaokolewa na askari wawili. Kwa hiyo hata dhamiri ya demokrasia imehamishiwa kambini.

Gaeta huyo huyo ndiye anayetufikisha kwenye kiini cha hoja yetu. Mwaka wa 2009, katika msimu wa mwisho, anashirikiana na Tom Zarek, aliyekuwa mfungwa wa kisiasa, kuiteka manowari. Maasi yanashindwa, na wote wawili wanauawa kwa kupigwa risasi. Hatukanushi kwamba Zarek aliamuru wajumbe wa Baraza wauawe. Hilo ni kosa la jinai lisilo na utetezi. Lakini amri ile haikuwa ya Gaeta. Kosa lake ni kumpindua mkuu wake kwa kuamini kwamba mkuu huyo amepotoka. Adama alimpindua rais kwa imani hiyo hiyo. Mmoja amepata risasi, mwingine amepandishwa cheo kuwa admirali, tena na rais aliyempindua. Hii si bahati mbaya ya msuko. Ndiyo kanuni halisi ya ulimwengu huu wa kubuni: kumpindua raia ni hitilafu inayosameheka, kumpindua kamanda ni kifo.

Pingamizi kubwa zaidi linatokana na kesi ya Baltar mwishoni mwa msimu wa tatu. Lee anaposimama kutoa ushahidi anaorodhesha makosa yaliyosamehewa, na mapinduzi ya babake yamo. Basi, tutaambiwa, kazi imejikosoa yenyewe. La hasha. Lee anayataja mapinduzi yale ili kumwokoa Baltar, si ili Adama awajibike. Na Adama yuko wapi wakati huo? Ameketi kati ya majaji watano. Kesi ya nyani imepelekwa kwa ngedere, na hakuna anayeona ajabu. Kesi hii pia inavunja kisingizio kwamba msafara ulio vitani hauna nafasi ya mahakama. Nafasi ilipatikana kwa Baltar, aliyekuwa raia.

Mambo haya hayaishii kwenye burudani. Mnamo Machi 2009 Umoja wa Mataifa uliandaa kikao katika makao yake makuu, New York, kuhusu masuala yanayoibuliwa na mfululizo huu, na waigizaji wa Roslin na Adama walihudhuria. Kazi inayopewa heshima ya aina hiyo haina budi kusomwa kwa ukali unaolingana nayo. Mtunzi ana uhuru wa kuusawiri ulimwengu ambamo bunduki huamua na kisha hujutia. Mhakiki hana uhuru wa kuyaita majuto hayo sheria. Anayefanya hivyo humzoeza msomaji kuridhika na ukarimu mahali anapopaswa kudai haki, na siku mwazimaji atakapoitaka nguo yake, msomaji huyo hatakuwa na neno la kumjibu.