Jua ni la wote, mafuta ni ya kila taa

Wanawali kumi wa Mathayo 25 wote walikuwa na taa. Wote walitoka kumlaki bwana arusi, na wote walisinzia. Kilichowatenganisha usiku wa manane ni mafuta ya akiba. Leo tulisome somo hili tukiwa Mahurunga, karibu na mto Ruvuma, hapa kwetu Mtwara, ambako habari ya taa si mfano tu.

Mungu hakutunyima jua. Kila siku Tanzania hupokea kati ya saa-kilowati 4 na 7 za nishati ya jua kwa kila mita ya mraba. Ujerumani, nchi ya baridi na mawingu, hupata takribani 3 kwa wastani wa mwaka, na bado mapaa mengi ya huko yana paneli. Baba yetu, ambaye Yesu alifundisha kwamba jua lake huwachomozea wema na wabaya, huangaza bati la Mkristo na la jirani yake Mwislamu bila kuwabagua.

Mbona basi nyumba yenye paneli hulala gizani? Kwa sababu tulinunua taa tukasahau mafuta. Mafuta ya sola ni betri. Paneli ya wati 50 ikipata saa 5 za jua kali hutoa saa-wati 250 kwa hesabu. Ukiondoa zinazopotea njiani, chukulia 180. Balbu 3 za wati 5 zikiwaka saa 5 hula 75. Simu mbili na redio ndogo zinaenea pia. Lakini pesa za korosho zikiingia, tunaongeza televisheni na spika kubwa. Betri inakamuliwa kila usiku, na betri ya asidi ikizoeshwa kushuka chini ya nusu hufa mapema. Koroboi inarudi mezani, mtoto anasoma kwa moshi.

Katika Luka 14 Yesu anamtaja mjenzi wa mnara anayeketi kwanza kuhesabu gharama. Hesabu hiyo inamhusu pia anayechukua sola ya kulipa kidogo kidogo. Malipo hayasubiri msimu wa korosho. Yakikatika, mtambo hujifunga na taa huzimika. Naye muuzaji anayebandika namba ya uongo kwenye paneli akumbuke jinsi Mithali inavyokemea mizani ya udanganyifu. Sadaka yake ya Jumapili haiifuti mizani hiyo.

Yupo atakayesema tungoje nguzo. Gesi ya Mnazi Bay inatoka mkoani kwetu, na tangu 2015 bomba linaipeleka Dar es Salaam. Kudai umeme wa uhakika ni haki. Lakini kudai haki hakumkatazi mtu kuwasha taa usiku wa leo.

Limebaki neno gumu. Wanawali wenye busara hawakugawa mafuta yao, na baadhi yetu tunajificha hapo. Tusisahau kwamba sura hiyohiyo inaishia kwenye hukumu ya mataifa, ambako Mfalme anauliza habari za wenye njaa na walio uchi. Wanawali wale walikuwa na uwezo wa kwenda dukani. Mjane asiye na mikorosho hana. Kanisa ambalo spika zake zinasikika kijiji kizima, huku mjane wa jumuiya yake akilala gizani, limeweka wapi mafuta yake?

Basi msimu huu, kabla ya televisheni, kila nyumba itenge fedha ya betri. Kila jumuiya ichague nyumba moja isiyojiweza, imlete fundi mwaminifu, paneli ielekezwe kaskazini, mbali na kivuli cha mwembe, na mtu mmoja apewe zamu ya kuifuta vumbi. Bwana arusi akija usiku wa manane, asitukute tunagombania kiberiti.